Mzazi Ugenini na Dini ya Nyumbani

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Twatoa shukrani nyingi kwa Halmashauri ya Chama kwa kutupa nafasi ya kusema mbele yenu, na kwa kukubali maneno yetu yapigwe chapa pamoja na taarifa ya mwaka. Sisi tunaosema ni mume na mke, wazaliwa wa Mombasa, tulioondoka nyumbani mwaka 2003 kwenda kutafuta riziki Uingereza. Tumekaa London, na watoto wetu watatu wamezaliwa na kukulia huko. Hatukuja kuwasimulia habari za majumba marefu na baridi. Hayo mmekwisha kuyasikia kwa wengine. Tumekuja na jambo moja tu, nalo ni hili: mtoto aliyezaliwa ugenini atairithi vipi dini ya wazee wake?

Mtu aweza kusema kwamba hiyo ni shida ya walioondoka, wala haiwahusu waliobaki. Sivyo. Mzazi aliye ugenini akishikwa na tatizo juu ya dini ya mtoto wake, jambo la kwanza alifanyalo ni kumpigia simu mzee wake nyumbani. Nanyi mkijibu, jibu lenu husikilizwa kule kama hukumu. Kwa hiyo malezi ya watoto wale yamo mikononi mwenu pia, ijapokuwa bahari ni pana.

Tuanze na hali ya hapa nyumbani. Hapa dini humlea mtoto hata mzazi asipojua. Alfajiri adhana humwamsha. Jioni huenda chuoni pamoja na watoto wa jirani. Ramadhani ikiandama, mji wote hubadilika: mikahawa hufungwa mchana, jioni harufu ya mkate wa kumimina na viazi vya karai hujaa vichochoroni, na usiku watu hawalali mapema. Mtoto akionekana anakula mchana, mpita njia yeyote humkemea, hata kama hamjui babaye. Basi mzazi wa hapa hana haja kubwa ya kueleza. Mji mzima unaeleza kwa niaba yake.

Ugenini kuta hizo hazipo. Hakuna adhana mtaani, wala mpita njia wa kumkemea mtoto. Mzazi hubaki peke yake, na kazi iliyokuwa ya mji mzima huwa ni kazi ya watu wawili waliochoka, wanaorudi kazini usiku. Ndipo mzazi huyo hukumbuka methali mbili alizofunzwa utotoni, na kila moja humvuta upande wake. Moja yasema mwacha mila ni mtumwa. Ya pili yasema ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mzazi akiishika ya kwanza peke yake, mtoto huwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Akiishika ya pili peke yake, baada ya kizazi kimoja hapana kinachobaki ila jina.

Ni haki tuseme pia kwamba nchi ile haikutufungia mlango. Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 iliamuru pawe na ibada kila siku katika shule za serikali za Uingereza na Wales, na sheria ya mwaka 1988 ikaongeza kwamba ibada hiyo kwa jumla iwe ya sura ya Kikristo. Lakini sheria hizo hizo zampa mzazi ruhusa ya kumtoa mtoto wake katika ibada hiyo, pasipo kulazimishwa kutoa sababu. Twajua wazazi walioitumia haki hiyo, na twajua wengine, sisi tukiwa miongoni mwao, walioona afadhali mtoto akae na wenzake, asikilize kwa adabu, kisha jioni aulizwe alichosikia. Adui aliyetusumbua hakuwa sheria ya nchi. Tatizo lilikuwa ndani ya nyumba yetu, na twaomba ruhusa tulieleze bila kujificha.

Kwanza mjue habari ya saa za kule. Hapa pwani tuko karibu na mstari wa Ikweta, na mchana wetu haupungui wala kuzidi sana. Saumu ni ya saa 13 na kitu, mwaka nenda mwaka rudi. London sivyo. Mwezi wa Juni jua huchwa saa tatu na dakika ishirini za usiku, na saumu hufika saa 18 au zaidi. Mwezi wa Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri, na saumu ni kama saa 10 tu. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa jua, Ramadhani huzunguka majira yote kwa muda wa miaka kama 33, na kila mzazi hupata zamu yake ya saumu ndefu. Tena, katika usiku wa Juni weupe wa mbinguni haupotei kabisa pale London, na kwa sababu hiyo wanavyuoni huhitilafiana katika kukadiria wakati wa Isha na wa alfajiri. Misikiti miwili ya mtaa mmoja yaweza kutoa ratiba mbili. Mtoto wetu wa kwanza alizisoma zote mbili, akauliza, "Baba, yupi msema kweli?" Tukamwambia asiulize sana. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Mwaka 2017 Ramadhani iliingia mwisho wa Mei, ikaenda mpaka siku za karibu na mwisho wa Juni. Kijana wetu alikuwa na umri wa miaka 12. Tangu alipokuwa na miaka saba tulimzoeza kufunga nusu siku, kama tulivyozoezwa sisi. Mwaka ule tukaamua sasa afunge siku nzima, mwezi mzima. Hatukumwuliza. Kila jioni tulipompigia simu babu yake Mombasa tulimpa habari kwa fahari: leo amefunga siku ya tano, leo ya tisa, leo ya kumi na mbili. Na jamaa wote nyumbani walimsifu.

Siku ya kumi na nne, mama yake alipokuwa akitafuta kitabu katika mkoba wa shule, aliona karatasi za kufungia mkate, si moja bali kadha wa kadha, zimekunjwa vizuri na kusukumwa chini kabisa. Mtoto alipoulizwa hakukana. Alisema, "Nyumbani nafunga, shuleni nala." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu aelezaye njia ya kwenda sokoni.

Wazee wetu, hatuna budi kukiri tuliyoyafanya. Tulimkemea mpaka majirani wakasikia. Tulimwambia ametuaibisha, na ya kuwa watu wa Mombasa wakijua tutazificha wapi nyuso zetu. Kisha tukampigia simu babu yake, tukitumaini kwamba naye atamkemea kwa uzito wa mvi zake. Mzee yule, ambaye sasa ni marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nipeni mjukuu wangu."

Mtoto alishika simu akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula nini?"

"Mkate wa jibini."

"Ulipouficha, ulikuwa ukimwogopa nani?"

"Baba."

"Na mama?"

"Na mama kidogo."

"Na Mwenyezi Mungu?"

Mtoto alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Babu, sikumkumbuka."

Hapo mzee akataka kusema nasi. Maneno yake hatujayasahau hata leo. Alisema, "Mtoto huyu hajabaleghe, na saumu haijamlazimu. Mmemtwika mzigo ambao Mola wake hajamtwika, kisha mkamwadhibu kwa kuutua. Na yeye amesema kweli: mmemfunza kuwaogopa ninyi. Sasa na mimi nawauliza ninyi wawili. Je, mwaogopa mtoto asipotee, au mwaogopa maneno ya watu wa Mombasa?"

Hatukuwa na la kujibu. Kama mtoto alivyonyamaza, nasi tulinyamaza.

Usiku ule, baada ya kufuturu, tulimwita kijana wetu tukamwomba radhi. Jambo hilo halikuwa jepesi, kwa maana sisi hatukulelewa hivyo. Mzazi kumwomba radhi mtoto ni kitu ambacho hatukukiona kwa wazee wetu. Tukamwambia kwamba siku zilizobaki ni hiari yake, na ya kuwa akila, ale mezani mbele yetu, asifiche. Kisha tukamwuliza ana maswali gani. Alikuwa nayo mengi, na ndipo tulipoona aibu iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza: sisi wenyewe hatukuyajua majibu. Tuliyajua ya kufanya. Hatukuyajua ya kueleza. Mji ulikuwa umetueleza sisi, na mji tulikuwa tumeuacha nyuma.

Basi tulianza kusoma pamoja. Tulikuwa na tafsiri ya Kurani Takatifu kwa Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, tuliyopewa siku ya kuondoka, na ambayo kwa miaka 14 ilikaa rafuni imefunikwa kwa kitambaa. Tulisoma kwa Kiswahili, tukamweleza mtoto kwa Kiingereza, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha anayoiotea ndoto. Tulipofika katika Sura ya Luqman, tuliona kwamba Luqman alipomwusia mwanawe alimwita kwa upole, ewe mwanangu, mara tatu, na hakumwamrisha tu bali alimpa sababu za maneno yake. Sura hiyo tulikuwa tumeisoma chuoni utotoni mara nyingi. Hatukuwa tumeisikia.

Wazee watukufu, huenda mtu akasema kwamba kumweleza mtoto kila jambo ni kumfunza ubishi, na ya kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Twaikubali methali hiyo. Lakini twaomba mtazame historia ya pwani yetu wenyewe, mwone jinsi dini ilivyowafikia baba zetu.

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, alianzisha Mombasa gazeti la Al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili, si kwa Kiarabu peke yake, kwa kuwa aliona kwamba watu wake walikuwa wakishika mambo wasiyoyaelewa. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, toka mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Sheikh Abdallah Saleh Farsy naye alizaliwa Unguja, akahamia Kenya baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, akawa Kadhi Mkuu mwaka 1968, na mwaka uliofuata tafsiri yake kamili ikapigwa chapa Nairobi. Na kabla yao wote, katika karne ya 19, Habib Saleh alifika Lamu kutoka Visiwa vya Ngazija. Aliwafundisha watu wanyonge, pamoja na waliokuwa watumwa na watoto wao, ingawa baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa. Msikiti wa Riyadha aliouanzisha umesimama mpaka leo.

Tazameni basi: wawili kati ya hao watatu walikuwa wageni katika nchi waliyoitumikia. Wala hakuna aliyeipunguza dini kwa kuieleza katika lugha ya watu. Walitufanyia sisi Kiswahili kile ambacho sasa yatupasa tuwafanyie watoto wetu Kiingereza. Dini hurithiwa kwa lugha aielewayo mtoto. Isipoelezwa kwa lugha hiyo, hubaki kuwa siri ya wazazi, na siri ya wazazi huzikwa pamoja nao.

Katika kusoma kule tulijifunza pia kutenga dini na desturi. Hapa nyumbani hatukuwa na haja ya kuzitenga, kwa kuwa zimesukwa pamoja kama ukili wa mkeka. Kule mtoto huuliza: je, kuvaa kanzu ni dini? Kumwamkia mkubwa ni dini? Kula kwa mkono ni dini? Tulimjibu kwamba mengine ni faradhi, mengine ni sunna, na mengine ni ustaarabu wa kwao, nao una heshima yake hata kama si faradhi. Tuliogopa kwamba akijua hivyo ataziacha desturi zote. Mambo yalikwenda kinyume cha hofu yetu. Alipojua kwamba shikamoo si sharti la dini bali ni zawadi ya wazee wake, aliishika zaidi, na mpaka leo huwafunza rafiki zake wa Kiingereza.

Tusiwadanganye lakini. Mwaka uliofuata kijana wetu alifunga siku 19, akatuambia wazi siku alizoshindwa. Leo yuko katika chuo kikuu, anasali, na hutupigia simu kutuuliza mambo. Binti yetu anayemfuata bado ana maswali ambayo hatujayaweza, na ziko siku ambazo hukaa chumbani mwake na mlango umefungwa, nasi tukakaa nje na dua zetu. Hatujui mwisho wake. Twajua tu kwamba hafichi karatasi chini ya mkoba.

Wala tusidhani kwamba ugenini hapana majirani. Wako London ndugu zetu wa Barawa, watu wasemao Chimbalazi, ambayo ni lahaja ya lugha yetu hii. Walifukuzwa kwao na vita vya Somalia vilivyozuka mwaka 1991, na wengi wao walipita katika makambi ya wakimbizi hapa Mombasa kabla ya kufika Uingereza. Mwezi wa Juni mwaka 2013 kituo chao cha Muswell Hill, ambamo watoto walikuwa wakisomeshwa baada ya shule, kiliteketezwa kwa moto. Ramadhani ilikuwa karibu kuingia, nao hawakuwa na mahali. Waliowafungulia mlango ni Wayahudi wa sinagogi moja la Finchley, na humo Waislamu wale wakapata kukusanyika. Twalitaja jambo hili kwa sababu tuliwaeleza watoto wetu, nao wakaelewa zaidi kuliko kwa hotuba kumi: kwamba mtu mwenye dini yake imara hapunguki kwa kumkaribisha mwenye dini nyingine, na mgeni hapunguki kwa kukaribishwa.

Tumesema kwa maneno ya Kiislamu kwa kuwa hayo ndiyo yetu. Lakini katika Chama hiki wamo wanachama Wakristo, na twajua kwamba watoto wao walio ng'ambo wamo katika njia hiyo hiyo. Mama mmoja wa kwetu hapa, aliyekulia kanisani tangu ubatizo, alituambia kule London kwamba mwanawe amekataa kwenda ibada ya Jumapili, kwa kuwa makanisa ya kule yana wazee wachache na viti vitupu, naye haoni kwa nini akae humo peke yake. Naye pia alikuwa akijibu, "Kwa sababu nimesema." Tulikunywa chai pamoja tukacheka, kisha hatukucheka tena.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaomba mambo matatu ya Chama na Wazee wake. Kwanza, mkipigiwa simu na mtoto wenu aliye ugenini, akiwalalamikia habari za mjukuu, msiwe wepesi wa kutoa amri. Ombeni kusema na mjukuu mwenyewe, kama mzee wetu alivyofanya, na ulizeni kabla ya kuhukumu. Pili, watoto hao wakija likizo, msiwacheke Kiswahili chao kilichovunjika wala msiwakatize maswali yao. Mtoto aliyechekwa mara moja hatauliza mara ya pili, na asiyeuliza nyumbani ataulizia kwingine. Tatu, kila mzee mwenye elimu na aketi na kijana mwenye simu, atiwe sauti yake humo, aeleze kwa maneno mepesi sababu ya jambo moja tu: kwa nini twafunga, kwa nini twatoa zaka, kwa nini twazika hivi, kwa nini twaamkiana. Sauti ya mzee aliyekufa yaweza kumlea mjukuu ambaye hakupata kumwona. Ya mzee wetu hatukuitia popote, na hilo ndilo majuto yetu.

Tulipoondoka mwaka 2003, wazee wetu walitufunganyia masanduku kwa mikono yao. Walitia kanga, kanzu, msahafu na achari ya maembe. Achari iliisha katika mwezi wa kwanza, na kanga zimechakaa. Kilichobaki ni kile tulichokiweka rafuni bila kukifungua, mpaka mtoto alipotulazimisha kukifungua. Twawashukuru kwa kutufungashia. Na kwa wale watakaoondoka baada yetu, tafadhalini mwafungashie pia maelezo.